Mstari wa "Asili" na Jigi Moja ya Kiingereza

Kila anayekwenda uwandani kukusanya nyimbo na masimulizi hurudi na kadi, na karibu kila kadi ina mstari ulioandikwa "Asili". Mkusanyaji anaujaza bila kusita: Wabemba, Waluba, Wasanga, Wahemba. Kisha anashuka kwenye mstari wa "Mtunzi" na kuandika neno moja: hajulikani. Nadai kwamba mistari hii miwili imeziharibu memwari zetu kuliko makosa ya upatanisho wa kisarufi tunayokaripiwa kila siku. Wa kwanza unatulazimisha kusema tusichokijua. Wa pili unatupa ruhusa ya kutotafuta tunachoweza kukijua.

Ningeweza kulijadili jambo hili kwa wimbo wa hapa kwetu, lakini najua mabishano yangeishia wapi: nani alimfundisha nani, na babu wa nani alikuwa wa kwanza kuvuka mto. Nachukua basi mfano wa mbali, ambako hakuna hata mmoja wetu mwenye ukoo wa kuutetea. Tena nimeuchagua kwa makusudi kutoka Uingereza, kwa sababu huko muziki wa dansi umekuwa ukichapwa na kuuzwa vitabuni tangu katikati ya karne ya 17. Kama swali la asili lina jibu mahali popote, lingetakiwa liwe na jibu kwenye karatasi nyingi kiasi hicho.

Lahani yenyewe inaitwa Dargason. Ni jigi, yaani lahani ya dansi ya mwendo wa haraka ambayo kila pigo lake kubwa hugawanyika mara tatu: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, na mguu unakanyaga kwenye "moja". Wapiga fidla wa Uingereza wamezipiga jigi za namna hii kwa vizazi vingi, kwenye harusi, kwenye mabaa, kwenye kumbi. Dargason ni fupi mno, ina vipande vinane tu vya muziki, lakini ina tabia moja isiyo ya kawaida: haitui. Ukifika kipande cha nane, sikio linangoja sauti ya kufungia, nayo haiji. Lahani inakurudisha mwanzo, kama mgeni aliyekwisha kusimama mlangoni kuaga halafu akakumbuka habari nyingine. Mpigaji anaweza kuizungusha hadi wachezaji wachoke. Kwa dansi ambayo watu wengi husimama kwenye mstari na kupitana mmoja baada ya mwingine, hiyo ni sifa ya kazi kabisa: muziki unadumu kadiri mstari ulivyo mrefu.

Karatasi ya zamani inayotajwa na wengi ni ya mwaka 1651. Mchapishaji John Playford, aliyekuwa na duka karibu na mlango wa kanisa la Temple, London, alitoa kitabu chenye dansi zaidi ya 100, kila moja na lahani yake na maelezo ya hatua. Alikiita The English Dancing Master. Dargason imo, na hapohapo ina majina mawili: Dargason, au Sedany. Tukishika kalamu ya mkusanyaji wetu tutaandika haraka: asili, Kiingereza, mwaka, 1651. Naomba tusiandike bado.

Kwanza, 1651 ni mwaka wa kitabu. Jina Dargason linapatikana kabla ya hapo, katika mchezo wa kuigiza wa Ben Jonson, A Tale of a Tub, ulioruhusiwa kuchezwa jukwaani mwaka 1633. Huko halitajwi kama lahani, ni jina la mtu, katika mzaha ambao watazamaji wa siku zile bila shaka waliuelewa. Jina basi lilikuwa midomoni mwa watu miaka 18 kabla ya Playford. Na Playford mwenyewe, katika dibaji yake, anaeleza kwamba alikitoa kitabu kwa sababu nakala nyingine mbovu ilikuwa tayari imefika kwa wapiga chapa. Hilo linatuambia kwamba dansi hizi zilikuwa zikizunguka kwa maandishi ya mkono kabla hajazigusa. Alichofanya ni kukamata kitu kilichokuwa mbioni. Tarehe yake ni tarehe ya shahidi, na shahidi si mzazi.

Pili, neno "English" katika jina la kitabu. Mfalme Charles wa Kwanza alikuwa amekatwa kichwa mwaka 1649, nchi ilikuwa chini ya Bunge na jeshi, na mfanyabiashara anayetoa kitabu cha dansi wakati kama huo huchagua maneno yake kwa uangalifu. Mwaka 1652, katika toleo la pili, neno hilo liliondolewa. Kitabu kikawa The Dancing Master tu, na kwa jina hilo kikaendelea kupanuliwa na kuuzwa, kwanza na Playford, kisha na mwanawe Henry, kisha na mwingine, hadi toleo la 18 karibu na mwaka 1728. Lahani hazikubadilika uraia kati ya 1651 na 1652. Lililobadilika ni jalada. Sisi tunaosoma isimu tunapenda kusema kwamba jina na kitu ni mambo mawili, tunamnukuu Saussure kila mtihani, halafu tukikuta jalada tunasahau.

Tatu, dansi hizo ziliitwa za mashambani, "country dance", na wengi wamedhani ni za wakulima. Lakini dibaji ya Playford inawasifu mabwana wa vyuo vya sheria vya London kwa wepesi wao wa kucheza. Wanunuzi wake walikuwa watu wa mjini waliojua kusoma noti na waliokuwa na fedha za kununulia kitabu. Huenda mkulima alicheza Dargason, huenda pia mwanasheria alimfundisha mkulima. Kadi yenye mstari mmoja wa "Asili" haina nafasi ya safari ya kwenda na kurudi.

Hata neno "jigi" lenyewe halitaki kukaa. Wale wenye Kifaransa chema watalifahamu kupitia "gigue". Katika Kifaransa cha kale "gigue" ilikuwa chombo cha nyuzi, na paja la kondoo tunaloliita "gigot" lilipata jina kwa kufanana umbo na chombo hicho. Wajerumani hadi leo huiita fidla "Geige". Wengine wanalitafuta neno la Kiingereza katika kitenzi cha Kifaransa cha kurukaruka, na kamusi hazikubaliani. Katika London ya Shakespeare neno hilohilo lilimaanisha jambo jingine tena: kichekesho kifupi cha kuimba na kucheza kilichofuata baada ya mchezo wa kuigiza kwisha, hata kama mchezo ulikuwa wa msiba. Will Kemp, mchekeshaji wa kampuni ya Shakespeare, alikuwa hodari wa jigi hizo, na mwaka 1600 alicheza dansi njia nzima kutoka London hadi Norwich. Mwaka 1612 mahakimu wa Middlesex walizipiga marufuku, kwa sababu zilivutia wezi na fujo mwisho wa maonyesho. Anayesema "jigi ya jadi ya Kiingereza" ametumia basi maneno matatu yenye ugomvi, na la kwanza huenda likawa la Kifaransa au la Kijerumani.

Sasa tuangalie kilichotokea baadaye, maana hapa ndipo mstari wa "Asili" unapoaibika. Mwishoni mwa karne ya 18 ilienea katika vitabu vya muziki jigi nyingine iitwayo The Irish Washerwoman, yaani Mwanamke Mfuaji wa Kiayalandi. Ni miongoni mwa jigi zinazojulikana zaidi duniani. Mtu wa jukwaani akitaka kuwaonyesha watazamaji kwamba Mwayalandi ameingia, humpigia hiyo. Leroy Anderson, Mmarekani mwenye wazazi Waswidi, alipoandika mfululizo wake wa muziki wa Kiayalandi mwaka 1947, aliufungua kwa lahani hiyo. Lakini wachunguzi kadhaa wa lahani za visiwa vile wameiweka katika ukoo mmoja na Dargason, kupitia lahani nyingine za Kiingereza za karne ya 17. Kama wana haki, alama ya Uayalandi inayotambulika kuliko zote imepitia London.

Mshabiki wa Kiingereza atashangilia: "Kumbe ni yetu!" Naona anashangilia mahali pasipo na goli. Ukiacha uraia na kusikiliza, kuna jambo kubwa zaidi limetokea. Dargason haitui, lakini The Irish Washerwoman inatua. Ina sehemu mbili, kila moja ina mwisho wake, na sikio linaridhika. Mahali fulani, katika muda wa zaidi ya miaka 100, kidole cha mtu fulani, au vidole vya watu wengi, kiliipa lahani ya duara mlango wa kutokea. Kwa nini? Je, dansi zilibadilika, mstari mrefu ukaacha nafasi kwa dansi za mtu mmoja au za jozi? Je, wapiga fidla walianza kuunganisha jigi moja na nyingine, wakahitaji mahali pa kushikia? Hayo ni maswali ya utafiti, yanayoweza kufuatwa kitabu kwa kitabu. Swali la "ni ya nani" linafunga mjadala kabla haujafika huko.

Kuna mtu mmoja ambaye hawezi kuachwa katika habari hii, naye ni Cecil Sharp. Alikuwa mwalimu wa muziki aliyeumizwa na dharau ya Wajerumani kwamba Uingereza ni nchi isiyo na muziki. Tarehe 26 Disemba 1899, akiwa kwa mama mkwe wake huko Headington karibu na Oxford, aliona kundi la wacheza dansi likija nje ya msimu wake. Mpigaji wao, William Kimber, kijana fundi matofali mwenye konsatina mkononi, alieleza kwamba baridi kali ilikuwa imesimamisha kazi na walihitaji senti. Siku iliyofuata Sharp alimwita, akaandika noti. Kutokana na hapo akakusanya maelfu ya nyimbo, akafufua dansi za kitabu cha Playford kwa ajili ya shule na kumbi, na mwaka 1911 akaanzisha chama cha dansi za jadi za Kiingereza. Neno "English" ambalo Playford alilifuta mwaka 1652 likarudi, safari hii likiwa na kazi ya kisiasa: kulijenga taifa kupitia watoto wake.

Sharp alikosea mengi. Alitaka wakulima safi, wasioguswa na mji, na pale ambapo hawakuwapo aliwawazia. Alikichukua kitabu cha mabwana wa vyuo vya sheria akakifundisha kama urithi wa kijijini. Hata hivyo aliandika jambo ambalo Playford hakuliandika: jina la mpigaji, mahali, siku. Kwa sababu hiyo tunamjua Kimber, tunajua kwamba alizaliwa 1872 na kufariki 1961, na tunajua kwamba asubuhi ile ya baridi hakuwa akihifadhi jadi. Alikuwa akitafuta chakula. Wale waliompa Playford lahani zake wamepotea kabisa. Hawakupotea kwa kuwa jadi haina watu. Walipotea kwa kuwa mwenye kalamu hakuona haja ya kuwauliza.

Na aliyeifikisha Dargason katika masikio ya dunia ni Gustav Holst, mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana ya St Paul's, London. Mwaka 1911 aliiweka mwishoni mwa mfululizo wake wa pili kwa bendi ya kijeshi, na muda mfupi baadaye akaiandika tena kwa ala za nyuzi, ili okestra ya wanafunzi wake ipate cha kupiga. Ujanja wake unatokana na tabia ileile ya lahani kutotua. Anaiacha izunguke, tena na tena, huku ala zinazoizunguka zikibadilika. Kisha anaiweka juu yake lahani nyingine maarufu, Greensleeves, ambayo inakwenda kwa mapigo mapana zaidi, na zote mbili zinatembea pamoja bila kugongana. Katika toleo la bendi, karibu na mwisho, zinabaki filimbi ndogo kabisa na tuba tu. Anayetaka kuelewa maana ya lahani ya duara aisikilize hiyo, itamchukua dakika chache. Leo kazi hizo zinahesabiwa kuwa za Kiingereza kuliko nyingi. Mwandishi wake alibeba jina la von Holst hadi 1918, na ukoo wa baba yake ulitoka Riga.

Nimesema mfano wangu ni wa mbali, na ndivyo ulivyo, lakini dansi hizi zilisafiri zaidi ya visiwa vyao, na njia moja inapita karibu na mlango wetu. Wafaransa walipozipokea dansi za "country" hawakusikia neno la mashamba. Walisikia "contre", kukabiliana, kwa sababu wachezaji walisimama kwa mistari miwili ikitazamana. Ikawa "contredanse", na neno lililozaliwa kwa sikio kukosea likashika vizuri kiasi kwamba baadaye Waingereza wengine waliamini lao ndilo lililopotoshwa kutoka Kifaransa. Huko Hispania ikawa "contradanza", na kwa njia zaidi ya moja ikafika Cuba, ambako ilikutana na mikono na masikio ya Waafrika waliopelekwa utumwani, ikabadilika kabisa. Kutoka humo ilitoka danzón, ambayo Miguel Faílde aliitambulisha Matanzas mwaka 1879. Kutoka danzón, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mpiga fidla Enrique Jorrín alitoa cha-cha-chá. Na mwaka 1960, mjini Brussels, Joseph Kabasele na African Jazz waliipa nchi yetu Indépendance Cha Cha.

Sisemi kwamba Dargason imo ndani ya wimbo wa uhuru wetu. Haimo, na atakayeitafuta atapoteza muda. Ninachosema ni kwamba jina la aina ya dansi lililotamkwa na Kabasele lina nyuma yake Havana, Madrid, Paris na London, na kwamba sehemu ya mdundo wake ilikwisha kutoka Afrika kabla ya kurudi. Mchukueni mkusanyaji wetu mwenye kadi mumwombe ajaze mstari wa "Asili". Akiandika "Kongo" yuko sahihi. Akiandika "Cuba" hajakosea. Akiandika yote kwa haki, mstari hautoshi.

Najua pingamizi litakalotoka, na ni zito. Wataniambia: watu wetu wamenyang'anywa nyimbo, vinyago, hata mifupa ya wazee wao, na mwanafunzi anakuja kutuambia asili haina maana? Akiimba mtu Ulaya wimbo wa mama zetu na kuuandikisha kwa jina lake, tutamshtaki kwa nini kama tumefuta mstari huo? Nauheshimu wasiwasi huo. Lakini angalieni ni nini kinachosaidia mbele ya hakimu. "Asili: Waluba; mtunzi: hajulikani" ndiyo zawadi nzuri kuliko zote kwa mwizi, maana ameandikiwa kwa mkono wetu kwamba hakuna mtu wa kulipwa. Kinachomzuia ni jina la mama aliyeimba, kijiji, siku, nani alimfundisha, kwenye shughuli gani, na sauti yake iliyorekodiwa. Kimber anakumbukwa kwa kadi ya namna hiyo.

Wengine watasema waimbaji wenyewe husema "ni wimbo wa wazee" na wanataka tuandike hivyo. Tuandike, kwa maneno yao, ndani ya alama za kunukuu, kama ushahidi wa wanavyouona wimbo wao. Hayo ni maelezo ya thamani. Yanapogeuzwa kuwa hukumu ya mkusanyaji ndipo yanapokufa.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wanaosimamia memwari za fasihi simulizi wabadili kadi kabla ya kundi lijalo kwenda uwandani. Mstari wa "Asili" uondolewe. Mahali pake iwekwe mistari minne: nani ameimba au kupiga, alijifunza kwa nani na wapi, unatumika kwenye shughuli gani, na majina mengine ya wimbo huohuo kwa majirani. Mstari wa nne ndio wenye kazi kubwa, kwa sababu utamlazimu mwanafunzi kuvuka mto na kuuliza upande wa pili. Kuhusu "Mtunzi: hajulikani", mwanafunzi akiandika hivyo aambatanishe orodha ya watu aliowauliza. Asiye na orodha arudi akaulize.